Mwenye jina fupi mtandaoni auze au angoje?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo hazijapata kupatana hadi leo. Ya kwanza yasema kuwa subira huvuta heri. Ya pili yajibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani aeleze ipi kati ya hizo ndiyo ya kweli, atakuwa na haki ya kujibu kuwa zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina siku yake. Kazi ngumu ni kuijua siku yenyewe.

Nilizikumbuka methali hizo muhula uliopita. Kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili miaka mingi iliyopita alinijia katika chumba cha walimu, akanisabahi kwa adabu, kisha akatoa simu mfukoni na kunionyesha barua ya dalali. Barua ile ilimwahidi Sh300,000 iwapo angekubali kuuza jina la tovuti alilolisajili mwaka wa 2012. Lilikuwa jina la herufi tatu tu, zikifuatwa na .co.ke. Alikuwa amelilipia ada mwaka baada ya mwaka, wala halikuwa limemletea hata senti moja.

“Mwalimu,” aliniuliza, “niuze au ningoje?”

Swali lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Dada yake mdogo alikuwa ameitwa chuo kikuu na karo ilikuwa haijapatikana. Yeye mwenyewe alikuwa na deni la mkopo wa simu. Fauka ya hayo, alikuwa na majina mengine 39 aliyoyanunua kwa matumaini kwamba siku moja tajiri fulani angeyahitaji. Mwalimu mwenzangu wa somo la kompyuta, aliyekuwa akisahihisha madaftari kando yetu, aliinua kichwa na kusema bila kusita: “Usiuze! Herufi tatu haziongezeki duniani.” Mimi nilikuwa na maoni mengine. Tulibishana hadi kengele ikalia, na maadamu najua kuwa si kijana yule pekee anayekabiliwa na swali hili, nimeonelea heri tulijadili hapa kwa utulivu.

Tuanze na asili ya mambo. Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti hutambulishwa kwa nambari. Kwa vile binadamu hukumbuka majina kwa wepesi kuliko tarakimu, mnamo 1983 mtaalamu wa Kimarekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu wa kuzipa nambari hizo majina, ambayo leo twayaita majina ya vikoa. Jina la kwanza lenye kiambishi tamati .com, yaani symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Kwa miaka kumi hivi majina hayo yalitolewa bure kwa yeyote aliyeyaomba. Ni mwaka wa 1995 ndipo ada ilipoanza kutozwa, dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza.

Mwenzangu hakukosea aliposema kuwa herufi tatu haziongezeki. Mwalimu wa Hisabati atatuthibitishia. Alfabeti inayotumiwa ina herufi 26. Majina ya herufi mbili basi ni 26 mara 26, yaani 676. Ya herufi tatu ni 17,576, na ya herufi nne ni 456,976. Majina ya herufi moja karibu yote yalizuiwa mwaka wa 1993, na katika .com yakasalia matatu tu yaliyokuwa yamekwisha kuchukuliwa: q.com, x.com na z.com. Ilhali majina yote ya .com yaliyosajiliwa ulimwenguni yamepita milioni 150. Hapana shaka basi kwamba jina fupi ni kitu adimu, mithili ya kiwanja kilicho katikati ya jiji.

Waama, visa vya watu waliotajirika kwa majina mafupi si hekaya. Shirika la wakulima la Marekani liitwalo American Farm Bureau Federation lilikuwa likitumia jina fb.com kwa shughuli zake za kawaida za ukulima. Mwaka wa 2010 kampuni ya Facebook ilililipa dola milioni 8.5 ili ilichukue. Wakulima wakahamia fb.org, na kazi yao ikaendelea kama kawaida. Mwaka wa 2015 kampuni ya Qihoo ya China ilinunua jina 360.com kutoka kwa Vodafone kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 17. Naye mfanyabiashara Dharmesh Shah alinunua chat.com mwaka wa 2023 kwa dola milioni 15.5, na mwaka uliofuata ikabainika kuwa limekuwa mali ya OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT. Yeye alidokeza kuwa alilipwa kwa hisa za kampuni hiyo.

Hata hivyo, msomaji na atazame kwa makini. Katika visa hivyo vyote, ni nini kilicholipa? Si ufupi pekee. Kila jina lilikuwa na mnunuzi mmoja aliyelihitaji kuliko watu wengine wote, na ambaye alikuwa na fedha. Kabla ya Facebook kuanzishwa mwaka wa 2004, herufi f na b hazikuwa na maana kubwa kwa yeyote isipokuwa wakulima wale. Thamani ya jina lao iliumbwa na jasho la watu wengine, mbali na mashamba yao, bila wao kujua. Hiyo ndiyo bahati, na bahati haina kanuni.

Wapo pia waliongoja wakaumia matumbo. Jina business.com liliuzwa mwaka wa 1997 kwa dola 150,000. Miaka miwili baadaye liliuzwa kwa dola milioni 7.5, na ulimwengu ukashika tama. Mwaka wa 2007 kampuni iliyojengwa juu ya jina hilo ilinunuliwa na R.H. Donnelley kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 345. Mwaka wa 2009 mnunuzi huyo aliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika chini ya mzigo wa madeni. Waliouza walikuwa wamekwisha kuondoka na fedha zao. Ngoma ile ile iliwachezesha wote, lakini aliyebaki uwanjani iliponyamaza ndiye aliyeaibika.

Kisa kinachofanana zaidi na cha kijana wetu ni cha mwaka wa 2015. Wawekezaji wengi wa China walijitosa katika soko la majina mafupi. Walipendelea tarakimu, na pia herufi zinazoweza kuwa mwanzo wa maneno ya Kichina yanapoandikwa kwa alfabeti ya Kirumi. Kwa hivyo waliepuka irabu pamoja na herufi V. Majina ya herufi nne ambayo kwa msomaji wa Kiingereza yalikuwa kelele tupu yakapanda bei ghafla, na watu wa mabara mengine, kwa kuona wenzao wakivuna, wakakopa ili nao wanunue. Mwaka wa 2016 bei zikaporomoka. Herufi zenyewe zilikuwa zile zile 456,976. Hazikuwa zimeongezeka hata moja. Kilichopungua ni wanunuzi. Hapa ndipo hoja ya mwenzangu inapochechemea: uhaba wa kitu hauwi thamani mpaka apatikane anayekitaka.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye jina hulisahau. Husema “jina langu” kana kwamba ana hatimiliki, na kumbe yeye ni mpangaji. Asipolipa ada ya mwaka, jina humtoka. Kwa majina ya .com, muda wa nyongeza ukipita, jina huingia katika siku 30 za ukombozi, ambapo mwenyewe hulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Zikiisha, jina hufutwa na kunyakuliwa papo hapo na programu za kompyuta za watu wanaolivizia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali ambayo daftari lake lina tarehe.

Isitoshe, thamani ya jina hutegemea kiambishi chake, na kiambishi hakimo mikononi mwa mpangaji. Kisiwa kidogo cha Anguilla katika Karibea kilipewa kiambishi .ai kwa sababu tu ya jina lake. Ilipozuka hamu ya akili bandia, ambayo ufupisho wake wa Kiingereza ni herufi hizo hizo, ada za majina zilikiletea kisiwa hicho takribani dola milioni 32 mwaka wa 2023, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mapato ya serikali yake. Heri iliyoje! Lakini tazama upande wa pili. Kiambishi .yu cha Yugoslavia kilifutwa mwaka wa 2010, baada ya nchi yenyewe kusambaratika. Na hapa karibu nasi, katika Bahari Hindi, kiambishi .io kinachopendwa na kampuni nyingi za kompyuta ni cha eneo la visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza ilitia saini mkataba wa kuvirudisha kwa Mauritius mnamo Mei 2025. Aliyelipa mamilioni kwa jina fupi la .io hakudhani kuwa siku moja angelazimika kufuatilia mikataba ya mataifa.

Kwetu Kenya, majina ya .ke husimamiwa na shirika la KENIC lililoanzishwa mwaka wa 2002. Tangu mwaka wa 2017 mtu ameweza kusajili jina linaloishia kwa .ke moja kwa moja bila .co katikati. Mwenye herufi tatu zake katika .co.ke akajikuta ana jirani mpya mwenye herufi zile zile, tena katika jina fupi kuliko lake. Herufi haziongezeki, ni kweli; lakini viambishi huongezeka.

Sasa tufanye hesabu niliyomfanyia kijana ubaoni, na walimu wa Hisabati wanisahihishe. Tuseme Sh300,000 zikiwekwa mahali salama huzaa asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka saba zitakuwa karibu Sh585,000. Kwa hivyo anayekataa Sh300,000 leo hana budi kuuza kwa bei hiyo, na zaidi kidogo kwa ajili ya ada, ili asiwe amepata hasara katika mwaka wa saba. Kungoja hakuwi bure hata siku moja. Kukataa kuuza kwa Sh300,000 ni sawa na kulinunua jina hilo leo kwa Sh300,000. Nilimuuliza: “Kama hungekuwa nalo, na fedha hizo zikawa mfukoni mwako, ungelinunua?” Alicheka, akatikisa kichwa.

Mwenzangu hakukubali kushindwa kwa urahisi. Alichukua chaki akaandika hesabu yake. Tuseme kila mwaka kuna nafasi moja katika ishirini ya kutokea mnunuzi wa kulipa shilingi milioni moja. Kwa wastani hiyo ni Sh50,000 kwa mwaka, ilhali riba ya Sh300,000 ni Sh30,000 tu. Angoje basi!

Hesabu yake ilikuwa sahihi, nami nilikiri mbele ya walimu wote. Lakini hesabu hiyo hiyo ina mkia. Nafasi ya kukosa mnunuzi katika mwaka mmoja ni 95 kwa 100. Ukizidisha kwa miaka saba, nafasi ya kukosa kabisa inakuwa karibu 70 kwa 100. Yaani katika vijana kumi wenye jina kama hilo, saba watafika mwaka wa saba wakiwa mikono mitupu, na watatu watashangilia. Wale watatu ndio tutakaowasoma magazetini. Wale saba hawataandikwa na yeyote. Kampuni yenye majina elfu kumi yaweza kungoja, kwa kuwa wastani huifanyia kazi kila siku. Mtu mwenye jina moja zuri hana wastani. Ana siku moja ya kufa au kupona. Hapo ndipo tajiri na maskini, wakiwa na kitu kile kile na bei ile ile, wanapopaswa kutoa majibu tofauti, wala hakuna kati yao aliye mjinga.

Hii ndiyo sababu nilimwambia kijana auze. Sikusema kuwa jina halitapanda. Huenda likapanda. Nilisema kuwa dada yake ataanza masomo mwaka huu, wala chuo hakitangoja mnunuzi atokee. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu asiye na deni, ambaye ada ya jina ni kama bei ya soda kwake, na ambaye jina lake ni neno ambalo biashara nyingi zaweza kulitamani, huyo na angoje kwa amani. Lakini anayekopa ili angoje amekwisha kuuza, ila bado hajalipwa.

Naomba niseme pia kuhusu majina mengine 39. Kwa wastani wa Sh1,500 kila moja, kijana huyo alikuwa akilipa Sh60,000 kwa mwaka kwa majina 40. Tulipoyapitia moja baada ya jingine, tuligundua kuwa mengi yalikuwa na herufi zisizotamkika, na mawili yalikuwa majina ya maduka ya watu wengine. Hayo mawili nilimwambia ayaachilie siku ile ile.

Kusajili jina la mwingine ili baadaye umtoze fedha si uwekezaji. Ni utekaji nyara. Mwaka wa 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, alisajili mcdonalds.com ili kuonyesha jinsi makampuni yalivyolala. McDonald's ilipolitaka jina, hakujitakia chochote. Aliitaka itoe msaada kwa shule ya msingi ya Brooklyn, nayo ikatoa dola 3,500 za kuiunganisha na intaneti. Kisa hicho huchekesha, lakini mlango ule ulifungwa zamani. Tangu mwaka wa 1999 kuna utaratibu wa kimataifa unaomwezesha mwenye alama ya biashara kudai jina lililosajiliwa kwa nia mbaya, na mtekaji hulipoteza bila fidia. Hata mwenye haki huweza kuteseka. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa Marekani aliyesajili nissan.com mwaka wa 1994 kwa kuwa Nissan ndilo jina la ukoo wake, alishtakiwa na kampuni ya magari ya Nissan mwaka wa 1999. Alibaki na jina lake hadi alipofariki mwaka wa 2020, lakini kesi ilimla miaka na mali.

Kwa anayeamua kuuza, yapo machache ya kuzingatia. Dalali aghalabu hamtaji anayemtuma, na bei yake ya kwanza huwa nadra kuwa ya mwisho. Mjibu kwa upole, usimtajie shida zako. Akikutaka ulipe kwanza ili jina “likadiriwe thamani”, jua ni tapeli. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji fedha. Usitoe nambari ya siri ya kuhamishia jina kabla fedha hazijawekwa kwa mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili. Na kila mlichokubaliana kiandikwe.

Kijana alifuata ushauri huo. Aliomba zaidi, wakavutana kwa wiki mbili, na jina likaenda kwa Sh340,000. Deni la simu limelipwa na dada yake yuko chuoni. Majina 34 ameyaachilia. Amebakisha matano, yote yakiwa maneno halisi ya Kiswahili, na katika moja ameanza kujenga tovuti ya mazoezi ya Sarufi kwa watahiniwa. Mwenzangu angali anashikilia kuwa tulimpotosha. Yawezekana. Mwaka ujao huenda tukasoma kwamba herufi zile tatu zimeuzwa kwa mamilioni, nami nitakuwa tayari kuchekwa katika chumba cha walimu. Lakini uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, si kwa yale yaliyofichuka baadaye.

Lililonifurahisha zaidi ni hilo la kuanza kujenga. Mwaka wa 2008, nchi yetu ilipokuwa ikivuja damu baada ya uchaguzi, vijana wachache waliunda mtandao wa kukusanya taarifa za ghasia na kuuita Ushahidi. Neno lenyewe lina herufi nane; si fupi hata kidogo. Lakini leo latajwa katika nchi nyingi ambazo hazijui neno jingine la Kiswahili. Hakuna dalali aliyelipandisha thamani. Ni kazi iliyofanywa chini yake. Jina jema hung'aa gizani, walisema wahenga, nao hawakutaja idadi ya herufi.